Papa Mawe wa Mfereji wa Kabingo

Habari ya kifo cha Papa Bauma ilinikuta darasani, Goma, nimeshika chaki na nusu ya mchoro iko ubaoni. Mchoro huo nimeuchora kwa miaka mingi hata mkono unajichorea wenyewe: mstari unaotoka kulia chini, unaingia kushoto, unapinda na kurudi kulia juu, mfano wa pua ya mtu anayetazama pembeni. Kwa pua hiyo nawaonyesha vijana kwamba maji ya mfereji, kwa wingi uleule na kwa nguvu ileile, yana njia mbili za kupita: ama yanakuwa na kina na kwenda polepole, ama yanakuwa membamba na kwenda mbio. Simu ikatikisika mfukoni. Alikuwa Noela, binti yake mkubwa. “Dada Riziki, papa ametuacha. Mama anasema ukuye.” Nikawaambia wanafunzi wafunge madaftari. Kilichonichoma si kifo peke yake, maana mzee alikuwa amekula chumvi nyingi. Kilichonichoma ni kwamba dakika tano kabla ya simu nilikuwa nimewasimulia kisa chake, kama ninavyowasimulia wanafunzi wa kila mwaka ili wacheke na wasisahau somo: kisa cha mzee mmoja wa Masisi aliyeona maji yanazama mferejini, akadhani chini pana shimo, akalijaza mawe, na mfereji ukapasuka. Walicheka. Huwa wanacheka. Na kisa hicho ni uongo, kwa sababu aliyedhani pana shimo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Vita vilikuwa vimefunga chuo chetu cha ufundi, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa mambo ya maji, nilijitwika begi langu kurudi kwetu Walikale, mara juu ya lori, mara kwa miguu. Nilipofika Masisi nikaambiwa njia ya mbele imefungwa. Baada ya siku tatu ile ya nyuma nayo ikafungwa. Tulikuwa wanafunzi kadhaa tuliokwama pale, na katekista wa kanisa dogo karibu na Lushebere akatugawa katika nyumba za watu, huyu huku, yule kule, kama mtu anayegawa vifaranga. Mimi niliangukia kwa Papa Bauma. Mkewe, Mama Noela, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya mjini, akaniuliza swali moja tu: “Unakulaka mateke?” Nikasema nakula. Nilikuwa nadanganya, sikuwahi kuyapenda magimbi maishani mwangu, lakini kufikia Krismasi nilikuwa nagombea na Noela yale yaliyoungua kidogo chini ya sufuria.

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba vitatu, imekaa mgongoni mwa kilima, na asubuhi ukungu uliingia kwa mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Mimi na Noela tulilala katika chumba cha mbegu. Kandokando ya ukuta zilipangwa debe za maharagwe yaliyochanganywa na majivu ili yasiliwe na wadudu, na harufu ile ya majivu na vumbi la maharagwe mpaka leo nikiisikia sokoni Goma nasimama. Jiko lilikuwa kibanda cha pembeni, na hapo ndipo nyumba ilipoishi hasa. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe kila jioni, na siku njema kipande cha jibini ambacho Papa Bauma alikikata kwa kisu chake cha mfukoni, vipande sawasawa kabisa, kwa uso mzito wa hakimu. Tulizungumza juu ya kila kitu isipokuwa wenye bunduki. Jioni moja, nikichambua mboga nyuma ya kibanda, nilimsikia akimwambia mkewe: “Ule mutoto iko na akili mingi. Lakini bado hajaangukaka.” Mama Noela akajibu, “Umuache aanguke polepole.” Nilikasirika siku mbili nzima. Nilikuwa na daftari langu la chuo na lile umbo la pua, na nilikuwa nimepata alama nzuri kuliko wavulana wote darasani. Kuanguka kulinihusu nini?

Mfereji wenyewe ulitokana na njaa ya mafuta. Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, alikuwa na duka na mashine ya kusaga iliyotumia mazuti, na vita vilipofunga barabara mazuti hayakuja tena. Mashine nyingine iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa mbali, ng’ambo ya vizuizi viwili vya wenye bunduki. Wanawake wa kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani na kilima chetu walikwenda huko na mahindi kichwani. Wapo waliorudi bila mahindi. Mmoja, jirani yetu, alirudi akakaa wiki kadhaa bila kusema na mtu, na hakuna aliyemuuliza. Basi Mama Kavira, ambaye hakuwa mwanamke wa kukaa na kulia, alinunua gurudumu la chuma lililoachwa kwenye shamba la zamani la chai, akaliburuta mpaka chini ya kilima chetu, akasema: “Kijito ya Kabingo inatelemuka bure kila siku. Itusagie.” Saruji ilitoka Kirotshe migongoni mwa watu. Mfereji ulichimbwa kwa salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, wenyeji wa kilimani upande huu na wakimbizi upande ule, na Papa Bauma ndiye aliyefanywa shefu wa mfereji, kwa kuwa ujanani alikuwa ametunza mifereji ya mashamba. Alikabidhiwa ufunguo wa kufuli la mlango wa maji. Aliuvaa shingoni pamoja na rozari, na Mama Noela alimtania kwamba sasa ana wake wawili.

Siku maji yalipofika kwenye gurudumu nililia, nakiri. Mashine ilikohoa, ikatetemeka, ikatema unga wa kwanza, na wanawake wakaupaka usoni wakicheza. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyepita tena kwenye vile vizuizi kwa ajili ya kusaga. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kina cha maji kila asubuhi. Papa Bauma alikuwa na fimbo yake ya mwanzi aliyoichonga kwa kisu alama za kifundo, goti na paja, nami nilikuwa na daftari, na tulitembea pamoja ukingoni, yeye miguu mitupu, akichovya fimbo na kuita, mimi nikiandika. Aliniita “enjeniere” mbele za watu, kwa majivuno kana kwamba amenizaa. Sijui kama niliwahi kupendwa vile na mtu asiye ndugu yangu. Ulikuwa mwaka wa vita, watu walikuwa wanakufa ng’ambo ya vilima, na mimi nikikumbuka asubuhi zile, ukungu unaondoka juu ya mikalitusi na sauti ya mzee ikiita “ku paja! ku paja tena!”, nasema kweli nilikuwa na furaha. Naona haya kidogo kuandika hivyo.

Kulikuwa na mahali, hatua kama arobaini kabla ya gurudumu, ambapo uso wa maji ulizama kidogo, kama godoro lililokaliwa, kisha ukainuka tena. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, huwezi kuona chini. Mwezi wa pili wa mvua nikaanza kulikodolea macho bonde lile. Mashine ilikuwa imepungua kasi, foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, na Mama Kavira alikuwa ameanza kuniuliza, mbele ya watu, shule yangu inasemaje. Nikasema: hapo chini pana shimo, maji yanaangukia humo na kupoteza nguvu, lijazwe mawe. Papa Bauma akachovya fimbo, akaiinua, akanionyesha alama ya unyevu kwa kidole.

“Riziki, angalia. Pale nyuma inaingia mupaka ku paja. Hapa inaishia ku goti. Chini imepanda. Hakuna shimo.”

“Papa, fimbo yako imegonga jiwe ya kando. Maji ikizama, njo kusema kuko shimo. Tulisomaka ivyo.”

Hatukusoma hivyo. Tulisoma kinyume chake, na ilikuwa kwenye daftari langu, ukurasa wenye ile pua: maji ya polepole yakikuta mwinuko chini, hulazimika kuupanda, na ili yote yapite hapo penye nafasi ndogo huongeza mwendo, na uso wake hushuka. Bonde juu, kilima chini. Niliweza kuikokotoa kesi hiyo nimefumba macho. Ila sikuwahi kuiona majini, na macho yangu yaliniambia kile ambacho macho ya mtu yeyote yangemwambia. Papa Bauma alinitazama, akawatazama wanawake waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakisikiliza. Katika nyumba zile mgeni haaibishwi mbele za watu, hata akikosea kutia chumvi. Akaifuta fimbo yake kwa kiganja. “Sawa, enjeniere,” akasema. “Banamama, mulete mawe.” Hatukufunga hata mlango wa maji, maana kufunga ni kusimamisha mashine. Tuliyatupa mawe kutoka ukingoni, yeye akiyapanga kwa miguu na mikono, amesimama pale nyuma, maji yakimfika pajani.

Bonde likazidi kuzama, nami nikasema mawe bado hayajatosha. Tukaongeza. Kila jiwe lilikifanya kile kilima kilichojificha kuwa kirefu zaidi, mpaka ikafika hali ambayo nguvu ya maji yaliyokuwa yakija haikutosha tena kukipanda. Maji yasipoweza kupanda hayarudi nyumbani. Yanajikusanya nyuma mpaka yapate kina cha kutosha. Siku ya soko, alasiri, baada ya mvua, yalijikusanya hivyo tukiwa hatuna habari, yakapanda juu ya ukingo mahali tulipojenga kwa udongo wa kujazia, yakaukata. Nilisikia mlio kama wa gunia kubwa linalochanika. Hatua ishirini za ukingo zilikwenda, na maji yote yakateremka kwenye mashamba madogo ambayo wanawake wanane wa kambi walikuwa wamepewa na wenyeji, maharagwe yakiwa kwenye maua. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini mashine ilinyamaza, na asubuhi iliyofuata niliwaona wanawake wawili wakipanda njia ya vizuizi, mahindi kichwani.

Asubuhi hiyohiyo niliteremka ndani ya mfereji mkavu. Mwamba ulikuwa pale, mgongo wa jiwe jeusi umelala kuvuka mfereji, wachimbaji wa salongo walikuwa wameshindwa kuuvunja na wakaufunika udongo kwa aibu bila kumwambia mtu, na juu yake yamepangwa vizuri mawe yetu. Papa Bauma alikuwa amesimama ukingoni. Hakunisuta. “Unaona?” alisema. “Maji haikukuwa naanguka. Ilikuwa napanda.” Nikakaa juu ya mawe yale nikalia kama mtoto, naye akasubiri mpaka nikamaliza, akanipa mkono nitoke.

Kikao kilifanyika kanisani siku ya pili. Mabenchi yalijaa, wenyeji upande mmoja na wakimbizi upande mwingine, na hewa ilikuwa mbaya. Mzee aliyeongoza akauliza nani aliamuru mawe yatiwe. Kabla sijapumua, mwanaume mmoja nyuma akasema kwa sauti: “Muulize ule binti wa Walikale. Alikuya hapa peke yake, mu vita. Tunajua nani alimutuma?” Watu wakageuka. Katika mwaka ule neno kama lile halikuwa mchezo. Niliwajua watu waliotajwa hivyo jioni na kesho yake hawakuonekana. Papa Bauma akasimama, taratibu, kofia mkononi.

“Musisumbue mutoto ya bantu. Shefu ya mufereji ni miye. Mawe niliiweka na hii mikono. Nilizani kuko shimo. Nilikosa.”

Mama Kavira alimtazama sana. “Papa Bauma, weye? Na ile fimbo yako?”

“Macho imezeeka, mama.”

Akavua ufunguo shingoni, ukakwama kwenye rozari, akahangaika nao mbele ya watu wote mpaka ukatoka, akauweka mezani. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake. Wale wanawake waliobeba mawe walijua nani alisema nini, wakatazama chini, wakanyamaza kwa ajili yake au kwa ajili yangu, sijui. Nami nikanyamaza. Niliogopa, basi, sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Njiani kurudi nilimwambia nitakwenda kusema kweli. Hakusimama hata kidogo. “Ukisema leo, batakufukuza. Njia ya Goma imefungwa, ya Walikale imefungwa. Utaenda wapi? Utasema siku ile kusema hakutakuumiza tena.”

Jioni ile aliwatuma Noela na ndugu zake na debe za mbegu, moja moja, kwa wale wanawake wanane. Chumba chetu kikabaki kitupu, kitanda chetu na mwangwi. Kwa miezi iliyofuata maharagwe hayakuonekana kwenye sahani ya nyumba ile. Tulikula mateke, viazi, mchicha wa lenga-lenga, tena mateke, na hakuna aliyenilaumu, na Mama Noela aliendelea kunipakulia wa kwanza kama mgeni. Wachimbaji wawili wa madini kutoka Rubaya walikuja kuuvunja ule mwamba kwa nyundo na patasi, wakicheka jinsi ulivyo mdogo, na maji yakarudi. Ufunguo nilipewa mimi, eti kwa kuwa nimesoma. Watoto wakaanza kumwita mzee Papa Mawe. Yeye aliitikia. Kila asubuhi bado alikuja na fimbo yake, akitembea hatua moja nyuma yangu, na ni miezi hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Alinifundisha kusoma mgongo wa maji: hapa yanalala, hapa yanakimbia, pale yanaporuka na kutoa povu yamepoteza kitu ambacho hayatakirudisha. Sijawahi kuwa na mwalimu kama yeye, wala kabla wala baada. Njia ilipofunguka nikarudi chuoni, Mama Noela akaniwekea mateke ya kuchemsha katika kitambaa.

Siku ile ambayo kusema hakungeniumiza ilifika mapema kuliko alivyofikiri. Ilikuwa siku niliyopata shahada. Ikapita. Ikaja nyingine, nilipopata kazi, ikapita. Nilikwenda kuwasalimu mara nyingi, na kila mara nilipanda kile kilima na maneno mdomoni nikateremka nayo. Kisha nikaanza kufundisha, na mwaka wa kwanza, kutafuta kicheko, nilisimulia kisa cha mzee aliyejaza mawe. Kilichekesha. Mwaka wa pili nikakisimulia vizuri zaidi, nikaongeza na sauti ya mzee. Kunyamaza nilikuwa nimefundishwa naye. Huku kumfanya mjinga nilijifundisha mwenyewe.

Nilifika Lushebere kwa pikipiki siku ya tatu ya matanga. Msalaba wa mbao ulikuwa umechorwa tayari, jina lake la ubatizo, na chini yake, kwa rangi ya buluu, Papa Mawe. Wajukuu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakisimulia, mmoja baada ya mwingine, jinsi babu yao alivyowahi kupasua mfereji, na watu walicheka kicheko kile laini cha matanga. Walifika kwenye fimbo na macho yaliyozeeka. Nikasimama. Nikasema yote: bonde, fimbo, goti na paja, ukurasa wa daftari, kikao, na kisa ninachowauzia wanafunzi. Nikasema aliona vizuri kuliko mimi, na macho yake hayakuwa yamezeeka. Mjukuu mmoja akauliza, “Basi si ye aliweka mawe?” Nikamjibu: “Aliyaweka. Mimi ndiye niliyemwambia.”

Mama Noela alikuwa amekaa mlangoni, kitenge cheusi kichwani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akaniita nikae karibu naye.

“Riziki, unazani nililala na ule muzee myaka yote ile bila kujua? Alinielezaka siku ileile, kabla ya kutoa mbegu. Alisema: siku moja ule mutoto atarudi. Akisema, mumupatie chakula. Asiposema, mumupatie chakula vilevile.” Akahesabu kitu kwa vidole. “Ulikuya mara mingi. Kuko siku hata moja hukukula hapa?”

Nikasema hakuna.

“Njo ivyo,” akasema. Akamwita Noela alete sahani, na Noela akaja kwanza na beseni, akanimiminia maji mikononi, nami nikashindwa kuinua uso.